Nyanya Anayesahau Si Mchawi

Je, msomaji, mzazi wako kule nyumbani ameanza kutoka usiku wa manane asijue aendako? Anaingia boma la jirani akidhani ni lake? Basi usilipuuze jambo hilo. Katika Kisii na Nyamira, mzee mwenye mienendo kama hiyo hushukiwa upesi kuwa mchawi, na tuhuma hiyo huua. Mwezi Mei 2008 watu 11 walichomwa hadi kufa katika eneo hilo. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani, Kisii.

Mienendo hiyo mara nyingi ni dalili za demenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Aina moja ya ugonjwa huu huanzia katika mishipa ya damu.

Damu ina chembe ndogo sana ambazo kazi yake ni kuziba majeraha. Ukijikata kwa panga shambani, chembe hizo hukimbilia hapo, zikashikana na damu ikakoma. Lakini mshipa ukichubuka kwa ndani kutokana na shinikizo la damu, kisukari au sigara, chembe hushikana hapo pia, likawa donge. Donge likiziba mshipa wa ubongo, sehemu inayokosa damu hufa. Hali hii ikirudiwa mara kwa mara, mzee hupotewa na fahamu zake kidogo kidogo, hata kama hajapooza.

Je, tuwape wazee aspirini, kwa kuwa huzuia chembe hizo kushikana? La. Utafiti uliofanyiwa wazee zaidi ya 19,000 wenye afya huko Australia na Marekani, ambao matokeo yake yalianza kutolewa 2018, ulionyesha kwamba aspirini ya kila siku haikuzuia demenshia, bali iliongeza hatari ya kuvuja damu. Dawa hiyo itumiwe kwa agizo la daktari pekee.

Utakapokwenda nyumbani, mpeleke mzazi wako hospitalini apimwe shinikizo la damu na sukari. Achunguzwe pia upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo na sonona, kwani haya huleta usahaulifu na yanatibika.

Kisha keti na majirani pamoja na mzee wa kijiji, uwaeleze waziwazi kwamba mama ni mgonjwa na anatibiwa. Tena asiachwe kulala peke yake.