Mpiganaji na Shujaa: Mtu wa Vita katika Mchezo wa Masimulizi

Utangulizi

Miongoni mwa michezo iliyozuka Marekani katika karne ya 20, mmoja unastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa fasihi, kwa kuwa chombo chake kikuu ni masimulizi. Mchezo huo ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Wachezaji huketi pamoja. Mmoja wao huwa msimuliaji na mwamuzi, na kila mmoja wa waliosalia hujichagulia mhusika na kunena kwa niaba yake. Msimuliaji akisema kuwa mlango umefunguka na jitu limetokeza, mchezaji hueleza afanyalo mhusika wake, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu hurushwa. Makala haya yanakusudia kumchunguza mhusika mmoja tu, yaani mtu wa vita, na kutafuta neno la Kiswahili limfaalo. Suala hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali kubwa zaidi: je, ushujaa ni kazi ambayo mtu huichagua, au ni sifa ambayo huipata?

Asili yake

Mhusika huyu alitokana na michezo ya vita iliyochezwa kwa visanamu vya askari. Mwaka 1971 Gygax na Jeff Perren walichapisha Chainmail, kitabu cha kanuni za kuigiza vita vya Ulaya ya zama za kati. Nyongeza ya kitabu hicho iliingiza majoka, majitu na masahiri, na pamoja nao mtu mmoja aliyeitwa shujaa, ambaye nguvu zake zilihesabiwa kuwa sawa na za askari wanne. Aliyemzidi huyo alihesabiwa sawa na askari wanane. Wakati huohuo Arneson, aliyekuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor huko Minnesota, alimpa kila mchezaji mtu mmoja wa kumwongoza badala ya jeshi zima. Hatua hiyo ndiyo iliyogeuza vita kuwa hadithi; maana kikosi hakina nafsi, bali mtu anayo.

Kitabu cha 1974 kilikuwa na aina tatu za wahusika: mtu wa vita, sahiri na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975.

Uwezo wake na upungufu wake

Mtu wa vita aliruhusiwa kuvaa deraya yoyote na kushika silaha yoyote, ilhali sahiri hakuruhusiwa ila jambia, na kasisi alikatazwa silaha zenye makali. Katika kitabu cha 1978 alama zake za uhai zilipatikana kwa dadu ya pande 10, na za sahiri kwa dadu ya pande 4. Kwa hiyo yeye husimama mbele, wenzake wakajificha nyuma ya ngao yake.

Hata hivyo, ubora huo haudumu. Mtu wa vita huongezeka kwa kujumlisha: daraja moja zaidi, pigo moja zaidi. Sahiri huongezeka kwa kuzidisha, kwa sababu kila daraja humpa mazinguo mengi zaidi na yenye nguvu zaidi. Mwishowe yule aliyelindwa humpita mlinzi wake. Watunzi wa kwanza walikuwa na dawa ya jambo hili: kufikia daraja la 9, mtu wa vita wa kitabu cha 1978 aliweza kujenga ngome na kufuatwa na askari. Ukubwa wake ulikuwa katika watu wake. Toleo la 2000 liliondoa haki hiyo na kumpa mbinu nyingi za mapigano badala yake. Na katika toleo la 2014 hufikia kupiga mara nne kwa zamu moja. Mikono yake iliongezewa kazi, lakini watu wake walipungua.

Suala la istilahi

Maneno matatu yanaweza kupendekezwa. Askari ni mtu wa jeshi, aliye chini ya amri. Mhusika huyu hana mkuu. Shujaa ni sifa ya moyo, na yaweza kuwa ya kasisi au hata ya mwizi. Mpiganaji limejengwa kwa kiambishi tamati -ji, ambacho huonyesha mtu afanyaye jambo kwa mazoea au kama kazi yake, kama ilivyo katika mwindaji na msomaji. Hili ndilo linalofaa kuitaja aina hii ya mhusika.

Lakini neno shujaa lisitupwe. Katika kitabu cha 1974 kila daraja lilikuwa na jina lake, na mpiganaji hakuitwa shujaa mpaka afike daraja la 4. Majina hayo yaliachwa katika toleo la 1989, na kwa kuachwa kwake ilipotea tofauti ambayo Kiswahili huihifadhi vizuri: upiganaji huchaguliwa siku ya kwanza, ushujaa hupewa mtu baadaye, na wanaompa ni wengine.

Kuna jambo la pili. Mchezo huu hugawa vipawa, kila kimoja kwa mtu wake. Kitabu cha 1978 kilimtaka anayetamani kuwa malenga apitie kwanza kazi ya upiganaji, kisha ya wizi. Fumo Liyongo wa mapokeo ya pwani, ambaye Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913, hagawanyiki hivyo. Yeye ni mpiganaji na malenga kwa pamoja, na alipofungwa gerezani kilichomwokoa ni wimbo, uliomfikishia mamaye ujumbe wa kuficha tupa ndani ya mkate.

Hitimisho

Imeonekana kwamba mpiganaji ni jina la kazi na shujaa ni jina la heshima. Atakayezifasiri kanuni za mchezo huu kwa Kiswahili hana budi kuyatenga maneno hayo mawili. Akiyachanganya, atakuwa amempa kila mchezaji, kabla dadu haijarushwa, jina ambalo Liyongo alilipata kwa vinywa vya watu.