Paa Alipokufa, Hayy Akauliza

Tangu macho yangu yaingie ukungu, vitabu vyangu vimelala kidakani, sivifunui. Juzi mjukuu wangu aliniwekea simu karibu na sikio, akasema, "Babu, sikiliza hiki." Kilikuwa ni kisa cha Hayy bin Yaqzan, kinasomwa kwa sauti, kwa Kiingereza.

Mtungaji wake ni Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusia, aliyefariki Marrakesh mwaka 1185. Wazungu walikifasiri kwa Kilatini mwaka 1671, na Simon Ockley akakitia katika Kiingereza mwaka 1708, miaka 11 kabla ya Robinson Crusoe kutokea.

Hayy ni mtoto aliye peke yake kisiwani, aliyelelewa kwa maziwa ya paa. Alipotimia miaka saba, paa akafa. Mtoto akamwita, hakuitika. Akamtazama macho na masikio. Kila kiungo ki kizima. Akampasua kifua kwa mawe makali, akaufikia moyo, akaona chumba kimoja ndani yake ni kitupu. Akatambua kuwa mama yake hakuwa mwili ule. Alikuwa ni kile kilichokaa mle, nacho kimeondoka. Kunguru akamfundisha kuzika, kama alivyofundishwa mwana wa Adamu.

Hapo nikamwambia mjukuu azime. Kitabu cha karatasi ningefunua ukurasa nikapita, lakini sauti haina huruma, inakwenda kwa mwendo wake. Nilikumbuka siku niliyoingia kaburini kumpokea marehemu mama yangu, nikamlaza mwanandani. Nami nilijiuliza lile lile: aliyenilea yuko wapi? Miaka yote nimeona haya kulitamka swali hilo, nikidhani ni upungufu wa imani.

Kesho yake nikaendelea. Kumbe kwa Hayy swali hilo ndilo lililokuwa mlango. Kutoka moyo wa paa alikwenda kwenye wanyama, miti, moto na nyota, hata akili yake ikamfikisha kumjua Muumba.

Nilipokisimulia kisa hiki barazani, rafiki yangu mmoja alinikatiza: "Ikiwa akili yatosha, Mitume waliletwa wa nini?" Nikamwambia asubiri mwisho. Hayy alikutana na Absal, mcha Mungu wa kisiwa cha pili, akajifunza kwake sala, saumu, zaka na hija, akazishika. Kisha akaenda kuwafundisha watu wa kisiwa hicho yale aliyoyaona mwenyewe, wakamkunjia uso. Akawaomba radhi, akawausia washikamane na sheria yao, akarejea kwake pamoja na Absal. Basi akili ilimfikisha yeye, lakini haikuwafaa wenziwe. Wao walihitaji mjumbe.

Rafiki yangu alinyamaza, kisha akauliza kama naye aweza kuwekewa katika simu yake.

Usiku ule nilimwomba mjukuu anirudishie pale paa alipokufa. Safari hii sikumwambia azime.