Senku, Suika na Maji ya Rusizi

Katika Dr. Stone, kinachomkwamisha Senku anapotaka kuyeyusha chuma si elimu. Ni upepo. Mchanga wa chuma anao, ameuokota mtoni kwa sumaku. Mkaa anao, na tanuri limeshajengwa. Kichwani anajua moto unatakiwa kufika wapi. Lakini moto haupandi mpaka uvukutwe bila kukoma, na wa kuvukuta ni watu wachache ambao mikono yao inalegea kabla chuma hakijalegea. Jaribio linakufa. Dawa anayoipata haimo katika kitabu chochote cha kemia: anasaga mbegu za nyasi za porini, anapika tambi, harufu inawavuta watu wa kijijini, wanakula. Mtu akishashiba, kumwomba aje kushika mvukuto si kazi kubwa.

Kwa ambaye hajakutana nayo, hii ni katuni ya Kijapani, yaani manga, iliyotungwa na Riichiro Inagaki na kuchorwa na Boichi, Mkorea aliyesomea fizikia kabla ya kuhamia kwenye kalamu. Ilitoka katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia Machi 2017 hadi Machi 2022, na tangu Julai 2019 ikawa pia filamu ya katuni ya mfululizo. Tafsiri ya Kifaransa inatolewa na Glénat, na Kifaransa ndiyo lugha ambayo mtoto wa Bujumbura anafundishiwa kemia, kwa hiyo hadithi hii haimpigi chenga. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia: siku moja watu wote duniani wanageuka mawe. Miaka 3,700 baadaye kijana mmoja, Senku Ishigami, anaamka porini na kuamua kuujenga upya ustaarabu kwa sayansi, kuanzia sifuri.

Watu huisifu kwa usahihi wa sayansi yake, na sifa hiyo inastahili, maana ina mshauri wake wa mambo ya sayansi na michanganyiko yake mingi ipo kweli. Mimi naona imefaulu zaidi mahali pengine. Imefaulu kuonyesha kazi ya pamoja. Upande wa majaribio yenyewe, kwa sehemu kubwa imetudanganya, ingawa kwa uwongo mtamu.

Nianze na kilichofaulu. Senku ana mwili dhaifu na analijua hilo. Nguvu anazitoa kwa rafiki yake Taiju, ambaye kichwa chake hakikusumbuliwa sana na shule. Kioo kinatoka mikononi mwa mzee Kaseki, fundi aliyekaa miaka mingi bila mwenzake wa kuongea naye lugha ya kazi. Chrome, kijana wa kijijini ambaye hajawahi kusikia neno atomu, ameshakusanya mawe ya kila rangi na kuyapanga, kwa hiyo Senku anapotafuta madini fulani ghala lipo tayari. Gen ni mjanja wa maneno, mtu wa kutiliwa shaka hadi mwisho, lakini pasipo maneno yake watu wasingekusanyika. Na yupo Suika, kamtoto kanakovaa ganda la tikiti kichwani kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, na kila mara anauliza kama naye anafaa kwa lolote. Kioo kikishapatikana, lenzi inawekwa kwenye lile ganda, na Suika anaona shamba la alizeti sawasawa kwa mara ya kwanza.

Mvuvi wa Ruziba hahitaji kuelezwa hili mara mbili. Vyombo vinavyoingia Ziwa Tanganyika usiku kufuata ndagala, hapa kusini mwa Bujumbura kando ya barabara ya Rumonge, vinategemea taa. Taa huwavuta samaki juu, na wavu huwainua. Anayetunza taa haonekani kama anafanya kazi, maana amekaa tu. Lakini akisinzia, wenye misuli ya kuvuta wavu watavuta maji. Inagaki ameielewa hesabu hiyo. Katika tanuri la Senku, anayejua na anayevukuta hawapishani cheo. Mmoja akikosekana, chuma hakipo.

Sasa tuje kwenye majaribio, na hapa nitachukua muda.

Mwanzoni kabisa mwa hadithi lipo jaribio la kweli. Senku anashuku kwamba asidi ya nitriki inayodondoka katika pango la popo ndiyo iliyomrudishia uhai. Yeye na Taiju wanatengeneza divai ya zabibu mwitu, wanaichemsha kupata pombe kali, wanaichanganya na ile asidi, na kumwagia mbayuwayu waliogeuka mawe. Haifanyi kazi. Wanabadilisha kipimo, haifanyi kazi. Mwezi unapita, mwingine unapita, mpaka siku moja ganda la jiwe linapasuka na bawa linatikisika. Kila kitu kinachohitajika kimo humo: dhana, kipimo kimoja tu kinachobadilishwa kila mara, daftari la makosa, na subira.

Baada ya hapo hadithi inabadilika kimyakimya. Senku anatengeneza sabuni kutokana na makombe ya baharini, anatengeneza umeme, kioo, simu, na kila mara anachora ramani ya hatua: hiki kinazaa kile, kile kinazaa hiki, mwisho ni bidhaa. Hajaribu tena. Anakumbuka. Shida zake ni za kupata malighafi na watu wa kuibeba, wala si za kutojua.

Mfano mzuri ni dawa ya salfa anayomtengenezea Ruri, kuhani wa kijiji anayeumwa nimonia. Ramani yake ni ndefu na ya kusisimua. Limo ziwa la gesi ya sumu, ipo fedha inayoonya kwa kubadilika rangi gesi ikikaribia, zipo barakoa za kujitengenezea. Lakini mwisho wa njia unajulikana tangu hatua ya kwanza. Katika historia halisi, sulfanilamidi ilitengenezwa na Paul Gelmo mwaka 1908, ikakaa zaidi ya miaka 20 bila mtu kujua kwamba ni dawa. Huko Ujerumani wakemia Josef Klarer na Fritz Mietzsch walikuwa wakiunda rangi za kutia nguo moja baada ya nyingine, na Gerhard Domagk akizijaribu kwa panya wenye vijidudu, nyingi zikiwa hazina faida, hadi Desemba 1932 rangi moja nyekundu, Prontosil, ilipowaacha panya hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 1935. Mwaka huohuo kundi la Taasisi ya Pasteur mjini Paris likagundua kwamba ile rangi haikuwa na kazi yoyote: kilichoponya ni sehemu yake isiyo na rangi, ileile sulfanilamidi ya Gelmo. Mapishi yalikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kujua kwamba yanaliwa.

Hapo ndipo palipo tofauti. Mahali ambapo mkuu wa kazi analo jibu, kundi ni mikono yake. Mahali ambapo hakuna mwenye jibu, kundi ndilo linalolitafuta, na kila mmoja anaweza kuwa ndiye mwenye kipande kilichokosekana.

Mfano wa hali hiyo ya pili tunao kwenye maji yanayoonekana kutoka Ruziba. Katikati ya karne ya 19 wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana kuhusu Mto Rusizi, ulioko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika: unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, huenda ziwa hili ndilo chanzo cha Nile. Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwaka 1858, wapiga kasia wao wakakataa kuendelea kaskazini, na wenyeji wakawaambia kwamba mto unaingia. Miaka michache baadaye Burton huyohuyo, akiwa mezani kwake Uingereza, akaandika kwamba unatoka. Alikuwa na hoja, alikuwa na ramani, alikuwa na ugomvi na Speke. Kitu ambacho hakuwa nacho ni kuyaona maji.

Novemba 1871 David Livingstone na Henry Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi wa mvule ambao haukutulia majini, wakiwa na wapiga kasia 16, waongozaji 2 wa Ujiji, mkalimani Selim na mpishi Ferajji. Walifuata ufuo wa Burundi kwenda kaskazini. Kule Mugere, kusini kidogo ya Ruziba, limesimama jiwe lenye majina ya wale wageni wawili na tarehe 25 Novemba 1871, siku walipopokewa na chifu Mukamba. (Wapo wanaowaambia watalii kwamba ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Sipo, walikutana Ujiji.) Njiani walisikia majibu yanayopingana. Kisha chifu Ruhinga, mwenyeji wa kaskazini kabisa mwa ziwa, akawatajia mito inayoingia, na Rusizi ukiwemo. Wangeweza kuishia hapo. Waliingiza mtumbwi mdomoni mwa mto, na mabega ya wapiga kasia yakatoa hukumu: mkondo ulikuwa ukiwasukuma nyuma, kuelekea ziwani.

Hakuna chombo cha maabara kilichohusika. Kulikuwa na swali lenye majibu mawili tu, na njia ya kulipima ambayo haikujali hadhi ya anayeuliza. Jibu halikumfurahisha Livingstone, aliyetamani sana habari za Nile, lakini alilipokea. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron akaukuta Lukuga, upande wa magharibi, mto unaoyatoa maji ya ziwa na kuyapeleka Kongo. Chanzo cha Nile cha kusini kabisa kikaja kuwekewa piramidi ndogo Rutovu, mwaka 1938, humuhumu Burundi lakini juu milimani, mbali na ziwa walilolibishania. Stanley alimwandika Ferajji kwa jina. Wapiga kasia 16, kwa sehemu kubwa, amewaacha kama idadi. Kwa hilo manga inamshinda: kwa Inagaki, anayevukuta ana jina, ana uso, na ana mzaha wake.

Kipo kisa kingine kinachofanana na Dr. Stone kupita kiasi. Mwaka 1976, ng'ambo ya milima, upande wa Kagera, Peter Schmidt na Donald Avery wa Chuo Kikuu cha Brown waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kama zamani. Majembe ya dukani yalikuwa yameshaua kazi hiyo, na miongo ilikuwa imepita tangu tanuri la mwisho lilipozimwa. Wazee walikuwa na kumbukumbu, lakini kumbukumbu za watu kadhaa, kila moja na pengo lake. Walibishana, wakajenga, wakarekebisha. Shimo la chini lilijazwa nyasi za kinamasi zilizochomwa. Mirija ya udongo ilisukumwa hadi ndani ya tanuri, mvukuto ukaanza. Mwaka 1978 wale watafiti walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye makaa, ndiyo maana joto likapanda kiasi kile, na kwamba mabaki yaliyochimbwa karibu na Ziwa Viktoria yanaonyesha ufundi wa namna hiyo tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine waliipinga hoja ya hewa ya moto, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Katika kijiji cha Senku hakuna mtu mwenye uwezo wa kumpinga kuhusu kemia, na huo ndio upungufu mkubwa kuliko ukosefu wa umeme.

Hata hivyo Inagaki anajirekebisha, tena kwa uzuri, kuelekea mwisho. Ambaye hajafika huko anisamehe. Watu wote wanageuka mawe kwa mara nyingine, Senku akiwemo, na anayeamka peke yake ni Suika. Mtoto huyo hana kamusi kichwani. Ana maandishi yaliyoachwa, ana kumbukumbu ya kuwatazama wakubwa wakifanya kazi, na dawa ya kuamsha watu lazima aiunde mwenyewe. Anakosea. Anakosea tena kwa namna nyingine, misimu inapita, anakua mbele ya macho yetu, na miaka 7 inakatika kabla hajafaulu kumwamsha Senku.

Ni mara ya kwanza tangu wale mbayuwayu kwamba msomaji na mfanya jaribio hawajui kwa pamoja kitakachotokea. Peke yake msituni, Suika bado anafanya kazi na kundi zima, kwa kuwa kila anachojaribu amewahi kumwona mtu fulani akikifanya. Hadithi inaipitisha miaka hiyo 7 katika kurasa chache tu, kwa haraka ya kurudi kwa shujaa wake. Mimi ningempa Suika kitabu kizima.