Usingizi wa Msafiri na Udhu Wake

Hujaji wa Mbeya anayepitia Iringa kwa basi husafiri zaidi ya kilomita 800 kabla ya kupanda ndege Dar es Salaam. Akikaa kitini tu, usingizi humchukua. Je, ataswali Alfajiri kwa udhu ule ule?

Asili ni kuwa usingizi hutengua udhu, Hadithi ya Safwan bin Assal (r.a.) kwa Tirmidhi imeutaja pamoja na haja kubwa na ndogo. Lakini Anas (r.a.) amesimulia kuwa Masahaba walikuwa wakisinzia wakingoja Isha mpaka vichwa vikiinama, kisha wakiswali bila ya kutawadha tena. Wanazuoni wa Kishafii wakaziunganisha: aliyelala makalio yake yamethibiti kitini udhu wake umebaki, kwani kinachochelewa ni kutokwa na upepo bila ya kujijua. Kuegemea hakudhuru. Wamaliki wao hutazama uzito wa usingizi.

Basi aliyelala wima, mkanda kiunoni, aswali. Aliyejilaza ubavu kwenye viti vitupu atawadhe. Chupa ndogo ya maji yatosha.

Na amwombe jirani amwamshe. Mtume (s.a.w.) alimwachia Bilal (r.a.) kazi hiyo safarini, naye pia akapitiwa, wakaswali jua limekwisha chomoza.