Kwa nini virusi vya UKIMWI hulala, kisha vikaamka?

Umewahi kusikia mtu anasema, "Nimepata nafuu, ARV za nini tena?" Jibu limo ndani ya kiini cha seli. Twende pamoja maabara tukaone!

Unajua kutoka darasani kwamba kiini kina DNA, yaani kitabu cha maelekezo ya mwili. Lakini kitabu hakijisomi. Wanaokifungua na kukisoma ni protini zilizomo humo kwenye kiini. Ukitaka kuzichunguza, lazima uzitoe.

Zinatolewaje? Chukua seli za damu zinazokuzwa maabara. Aina moja, iitwayo Jurkat, ilianza miaka ya 1970 kwa damu ya mvulana wa miaka 14 aliyeugua saratani ya damu. Seli huwekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo sana. Unaikumbuka osmosisi? Maji yanaingia, seli zinavimba. Kisha zinapondwa taratibu kwa mchi wa kioo: utando wa nje unapasuka, viini vinabaki vizima. Viini navyo vinatiwa maji yenye chumvi nyingi zaidi, na protini zinatoka. Mwisho, mashine inazungusha chupa kwa kasi, makapi yanatuama chini, na maji ya juu ndiyo yanayotakiwa. Yote haya hufanyika kwenye barafu, maana penye joto vimeng'enya vya seli huziharibu hizo protini.

Sasa maji hayo yanachanganywa na kipande cha DNA, na kupitishwa kwenye jeli kwa umeme. Protini ikikishika kipande, kinakwenda polepole, kama mtu aliyebeba gunia.

Kwa njia hii, mwaka 1987 watafiti Nabel na Baltimore wa Marekani walionyesha kwamba protini yetu wenyewe, NF-kB, hushika DNA ya virusi vya UKIMWI na kuviamsha. Lini? Seli ya kinga inapochangamshwa, kwa mfano inapopambana na ugonjwa mwingine.

Umeona hatari yake? DNA ya virusi imejichomeka ndani ya DNA yetu. Baadhi ya virusi hulala humo kimya, hata kipimo kisivione kwenye damu. ARV huzuia virusi visizaliane, lakini haziviondoi vile vilivyolala. Ukiacha dawa, vikiamka havina wa kuvizuia.

Kwa hiyo, usidanganyike na maneno ya kijiweni. Kama wewe, ndugu au rafiki yako anatumia ARV, kujisikia vizuri ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Siyo ruhusa ya kuacha!