Jina la Ukoo na Kromosomu ya Baba

Katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza, neno lililozaa jina la Sykes lilimaanisha kijito, aghalabu kile kilichokuwa mpaka wa mashamba. Vijito ni vingi huko Yorkshire. Kwa hiyo ilidhaniwa kwamba jina hilo lilichipuka kwa watu wengi wasiohusiana.

Bryan Sykes, profesa wa Oxford, aliwapima vinasaba wenye jina lake. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama jina lenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba karibu nusu yao walikuwa na muundo mmoja wa kromosomu hiyo, usioonekana kwa majirani zao. Mzizi, basi, ulikuwa babu mmoja, wa yapata miaka 700 iliyopita.

Na waliosalia? Huenda mtoto alilelewa na baba wa kambo, alipewa jina la mamaye, au alizaliwa kwa siri. Watafiti walikadiria wastani wa asilimia 1.3 kwa kila kizazi.

Dar es Salaam nayo ina akina Sykes. Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, babaye alikuwa Mzulu aliyetoka Msumbiji.

Mhudumu anayechunguza maradhi ya kurithi, mathalani selimundu, asitosheke na jina lililo kwenye faili. Aulize nani amemzaa nani, tena faraghani. Na kabla jamaa hawajapimwa, mgonjwa aelezwe kwamba jibu laweza kugusa jambo ambalo hakuliuliza.