Kikanda cha sikukuu: watoto nao washike mwiko

Wamama wapenzi, Noeli na Bonane zinakaribia, na kila nyumba hapa Luano imekwisha kuanza hesabu zake: kuku, mchele, nguo za watoto, vinywaji vya wageni. Katika hesabu hizo tuweke pia kikanda. Wengi wetu tulikionja kwa kambo siku ya sikukuu, kimepoa, kimekatwa vipande, kinanukia karanga na pilipili. Watoto wetu wengi wanakiona tu katika beseni la muuzaji, na wengine huuliza kama ni nyama.

Si nyama. Kikanda hutoka katika viazi vidogo vya maua ya porini yanayoitwa okidi, vinavyochimbwa mabondeni penye unyevu na katika misitu yetu ya miombo. Hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, kisha hupikwa pamoja na karanga. Ukivuka Kasumbalesa, ndugu zetu wa Zambia wanakiita chikanda, au poloni ya Kiafrika, kwa sababu kikikatwa kinafanana na soseji. Ni chakula cha Wabemba tangu zamani, lakini katika miji ya migodi watu wa makabila yote wamekizoea.

Namna ya kukipika

Kwa kikombe 1 cha unga wa kikanda, tayarisha vikombe 2 vya karanga mbichi zilizotwangwa, nusu kijiko cha chai cha soda ya kupikia, chumvi, na pilipili kavu iliyosagwa.

Chemsha maji yenye chumvi, tia karanga, ziache zichemke kama dakika 10 huku ukikoroga. Tia pilipili na soda. Kisha nyunyiza unga wa kikanda kidogo kidogo bila kuacha kusonga, maana unakaza upesi. Ukiona umekuwa mzito kama bukari laini, punguza moto wa mbabula, funika sufuria, na weka makala machache juu ya kifuniko. Acha nusu saa au zaidi, mpaka kikanda kikaze na kuachana na sufuria. Kipoe kabisa ndipo ukate.

Kama una wadogo wasioweza pilipili, pika sufuria mbili: ya kwao bila pilipili, ya wakubwa kama kawaida.

Kazi kwa kila umri

Mtoto akipewa sahani tu, anaweza kuonja kidogo na kurudi kwenye biskuti. Akiwa ametwanga mwenyewe, atataka kila mgeni aonje kazi yake. Kwa hiyo tugawe kazi, na wavulana wasiachwe nje.

Wa miaka 5 au 6 wanaweza kuchambua karanga. Wafundishe kutupa zile zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, kwa sababu ukungu wa karanga una sumu ambayo kupika hakuiondoi. Wa miaka 8 hadi 10 watwange na kuchekecha. Kuanzia miaka 12, mtoto ashike mwiko, mama akiwa karibu na moto. Kama kuna mtoto ambaye karanga humvimbisha midomo au kumtia upele, kikanda si chake. Mpikie kitu kingine, wala usimjaribishe.

Wakati mikono inafanya kazi, midomo nayo isinyamaze. Waambie kambo alitoka kijiji gani, alinunua viazi wapi, nani alipewa kipande cha kwanza. Mambo hayo hawayafundishwi shuleni.

Kwa nini kimekuwa ghali

Jambo hili linatuhusu sana. Okidi hailimwi kama muhogo. Anayechimba huchukua kile kiazi kigumu kipya, ambacho ndicho kingetoa mmea wa mwaka unaofuata, na mmea unakufa. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na udongoni zinahitaji aina fulani za kuvu ili ziote. Misitu inayozunguka Lubumbashi nayo inakatwa kwa ajili ya makala na mashamba. Kwa hiyo wachimbaji wanakwenda mbali zaidi.

Tatizo hili limefika mpaka Tanzania, ambako viazi vya okidi vilichimbwa katika nyanda za juu za kusini na kupelekwa Zambia. Mwaka 2005 nchi hiyo ilifanya Kitulo, inayojulikana kama Bustani ya Mungu, kuwa hifadhi ya taifa, na maua hayo sasa yanalindwa humo. Okidi zote pia zimo katika mkataba wa CITES wa mwaka 1973, kwa hiyo kuzivusha mpaka kwa biashara kunahitaji kibali.

Tufanye nini?

Hatusemi tuache kikanda. Tukirudishe mahali pake: chakula cha sikukuu, si cha kutafuna kila siku. Sufuria moja ya Noeli kwa nyumba tatu, mkichanga unga na karanga, inawatosha wote kuonja na inapunguza gharama. Sokoni tusinunue viazi vidogo sana, maana tukivinunua, vingine kama hivyo vitachimbwa kabla ya kukua. Siku nyingine tuwapikie watoto vyakula vingine vya utoto wetu visivyoua mmea: mihogo na karanga, au sombe iliyotwangwa vizuri.

Na watoto waambiwe ukweli wote, pamoja na ua lenyewe. Mkienda kijijini majira ya mvua, waonyesheni okidi ikiwa imechanua. Mtoto anayejua kwamba kipande kile kitamu kilikuwa ua, atakuwa na sababu ya kuliacha moja lisimame, ili naye siku moja awapikie wanawe.

Sikukuu njema kwa nyumba zote.